Grafu ya Duara: Kanuni Ije Mwisho

Miongoni mwa mada za Hisabati zinazofundishwa katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, grafu ya duara huhesabiwa kuwa mada nyepesi. Mwalimu huandika kanuni ubaoni, hufanya mfano mmoja au miwili, wanafunzi hunakili na kujibu maswali matano, na kipindi kinachofuata darasa huingia katika mada nyingine. Alama za madaftari aghalabu huwa nzuri. Kwa hiyo si ajabu kwamba wengi wetu hatujapata kujiuliza kama mwanafunzi anaelewa alichokitenda. Nia ya makala haya ni kueleza kwa nini tunaiona njia hiyo kuwa na kasoro, na kwa nini tunaamini kwamba kanuni ya kugeuza asilimia kuwa nyuzi, ambayo tumezoea kuiweka mwanzo wa somo, mahali pake hasa ni mwisho.

Maoni haya tuliyafikia kwa njia ya aibu. Wakati mmoja wa mazoezi ya kufundisha tulikwenda kukagua somo la mwanachuo wetu. Andalio lake la somo lilikuwa kamili, ubao ulipangwa vizuri, na sauti yake ilifika hadi dawati la nyuma. Aliandika kanuni: pembe ya kipande ni asilimia igawanywe kwa 100, kisha izidishwe kwa 360. Alifanya mifano miwili, akatoa maswali matano, akazunguka madawati akisahihisha. Kabla kengele haijalia tulikuwa tumekwisha kuandika katika fomu ya ukaguzi kwamba somo lilikuwa zuri sana.

Darasa lilipokuwa likitoka tulimsimamisha mvulana mmoja aliyepata maswali yote matano. Tulimchorea duara, tukatia kivuli kipande chenye pembemraba, tukamwuliza kipande kile ni asilimia ngapi ya duara. Alichukua kipimapembe, akapima kwa uangalifu, akajibu: "Tisini." Tukatia kivuli nusu nzima ya duara. Akapima tena: "Mia moja na themanini."

"Asilimia mia moja na themanini?" tuliuliza.

"Ndiyo, mwalimu," alijibu, wala hakuona tatizo lolote.

Tulilifunua tena daftari lake. Zilikuwamo vema tano za wino mwekundu, na zote zilikuwa za haki, kwa maana majibu yalikuwa sahihi. Lakini mvulana yule, aliyeweza kugeuza asilimia 35 kuwa nyuzi 126 bila kukosea, hakujua kwamba nusu ya kitu ni asilimia 50 ya kitu hicho. Au tuseme kwa haki zaidi: alijua, lakini hakuna aliyemwonyesha kwamba jambo lile analolijua ndilo lililokuwa likizungumzwa ubaoni.

KOSA LINAPOANZIA

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Katika somo la sehemu tunawafundisha watoto kwamba namba ya juu ni kiasi na namba ya chini ni asili. Neno asilimia linatutangazia asili yake waziwazi: asili ni mia. Tunaposema asilimia 25 tunataja kiasi, 25, na asili imo ndani ya neno. Nyuzi nazo zina asili yake, ingawa haitamkwi. Katika duara zima asili hiyo ni 360. Hivyo robo ya duara inaweza kuandikwa 25/100, na inaweza kuandikwa 90/360, na hizo ni sehemu zilizo sawa, kama vile 1/2 na 2/4 zilivyo sawa. Kugeuza asilimia kuwa nyuzi si jambo jipya hata kidogo. Ni kutafuta sehemu iliyo sawa yenye asili nyingine, kazi ambayo mwanafunzi ameifanya mara nyingi kabla ya kufika darasa hilo.

Mvulana wetu alisoma kiasi na kuisahau asili. Hilo ndilo kosa lote, na sisi ndio tuliomwongoza humo, kwani kanuni tuliyompa inataja 100 na 360 bila kusema ni za nini. Kwake zilikuwa namba mbili za kupitia ili kupata jibu.

Zana yenyewe huongeza tatizo. Kipimapembe cha kawaida kina namba kuanzia 0 hadi 180. Kila asilimia anayoweza kupewa mtoto, kuanzia 1 hadi 100, namba yake imo katika kipimapembe hicho. Mtoto akitaka kuchora asilimia 45 hukuta 45 ikimngoja pale, naye huweka alama. Chombo hakimkatazi. Hugundua kosa mwishoni tu, anapomaliza kuchora asilimia 45, 30 na 25, na kuona kwamba vipande vyote vitatu vimejaza nyuzi 100, na nyuzi 260 za duara zimebaki tupu. Walimu wengi huiona picha hiyo na kuikata kwa mkasi wa wino mwekundu. Twaona hiyo ni hasara kubwa, maana hakuna zana bora ya kufundishia kuliko duara lile lenye pengo. Mwalimu angeliinua mbele ya darasa, bila kumtaja mwenyewe wala kumwaibisha, na kuuliza: "Asilimia zetu zimekwisha. Je, hii nafasi iliyobaki ni ya nani?"

Tukumbuke pia kwamba wala 100 wala 360 haikuzaliwa pamoja na duara. Desturi ya kuligawa duara mafungu 360 huhusishwa na Wababeli wa kale, waliokuwa wakihesabu kwa mafungu ya sitini. Kuhesabu kwa kila mia kulienezwa na wafanyabiashara waliohitaji kulinganisha faida na riba. Mambo haya mawili yalikuja kukutana katika grafu. Mwaka 1801 William Playfair, mzaliwa wa Uskochi, alichapisha kitabu cha takwimu ambamo duara liligawanywa ili kuonyesha ni kiasi gani cha Dola ya Uturuki kilikuwa Asia, kiasi gani Ulaya na kiasi gani Afrika. Msomaji wa mchoro ule hakuhitaji kipimapembe, kwani aliangalia tu na kuona fungu lipi ni kubwa. Hiyo ndiyo kazi ya grafu ya duara: kuonyesha mafungu ya kitu kimoja kizima. Nyuzi ni msaada wa mchoraji, si habari anayopewa msomaji.

NJIA TUNAYOIPENDEKEZA

Ndugu mwanachuo, anza na kile ambacho mtoto anacho tayari. Mtoto anayesema Kiswahili ana hazina ya maneno ya mafungu kabla hajafika shuleni. Husema nusu na robo. Husema saa tatu kasorobo, na kwa kusema hivyo amekwisha kukiri kwamba ili saa ikamilike limepungua fungu moja kati ya manne. Amesikia kanisani habari za fungu la kumi, au amesikia wazee wakitaja thuluthi katika mambo ya mirathi. Thumni, kabla ya kuwa jina la sarafu ya senti hamsini, ni neno lenye maana ya sehemu moja ya nane. Maneno haya yote ni vipande vya duara vinavyongoja kuchorwa.

Hatua ya kwanza, basi, iwe ya karatasi. Kila mtoto akate duara kutoka karatasi kuukuu, alikunje mara moja apate nusu, mara ya pili apate robo, mara ya tatu apate thumni. Kipimapembe hakihitajiki bado. Kwa kila kipande aandike mambo matatu: sehemu, asilimia na nyuzi. Nusu ni asilimia 50 na nyuzi 180. Robo ni asilimia 25 na nyuzi 90. Robo tatu ni asilimia 75 na nyuzi 270. Thumni ni asilimia 12½ na nyuzi 45. Hapo mtoto ameona kwa macho yake kwamba kipande ni kile kile, na majina yake ni matatu.

Hatua ya pili iwe ya saa. Chora uso wa saa ubaoni au katika boksi, wenye alama 60 za dakika. Mshale mrefu ukizunguka wote umepita nyuzi 360, hivyo kila dakika ni nyuzi 6. Dakika 15 ni robo, yaani nyuzi 90. Dakika 6 ni fungu la kumi la saa: asilimia 10, nyuzi 36. Dakika 3 ni nusu ya hiyo: asilimia 5, nyuzi 18. Kwa kupata asilimia 10 na asilimia 5, mtoto anaweza sasa kujenga asilimia nyingine nyingi bila kanuni yoyote. Asilimia 35 ni robo pamoja na fungu la kumi, yaani 90 na 36, jumla nyuzi 126. Mwingine atasema ni mafungu matatu ya kumi pamoja na 5, yaani 108 na 18, jumla nyuzi 126. Njia mbili zikikutana mahali pamoja mbele ya macho ya mtoto, huwa amepata uhakika ambao neno la mwalimu peke yake haliwezi kumpa.

Hatua ya tatu ni kukadiria kabla ya kukokotoa. Kila swali litanguliwe na swali dogo: kipande hiki kitazidi robo? Kitazidi nusu? Asilimia 35 huzidi robo na haifiki nusu. Kwa hiyo pembe yake lazima iwe kati ya nyuzi 90 na 180. Mtoto aliyekadiria hivyo hawezi kuandika 35 na kuridhika.

Hatua ya nne ndipo kanuni inapoingia, nayo itapokelewa kama mgeni anayefahamika. Uliza: tumejua kwamba asilimia 10 ni nyuzi 36, je, asilimia 1? Darasa litajibu 3.6. Basi asilimia 17, ambayo haijengeki kwa urahisi kwa kukunja karatasi, ni 17 × 3.6, yaani nyuzi 61.2. Kanuni sasa ni muhtasari wa kazi waliyoifanya wenyewe, na akiisahau siku ya mtihani anaweza kuijenga upya.

Hatua ya tano ni kurudi nyuma, kutoka nyuzi kwenda asilimia, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Mtoto aliyekariri "zidisha kwa 3.6" huzidisha kila anapoona swali. Akipewa pembe ya nyuzi 54 atapata 194.4 na kuiita asilimia. Aliyepita njia tuliyoieleza atasema kwanza kwamba nyuzi 54 hazifiki pembemraba, basi jibu halitafika 25. Kisha ataandika 54/360, atarahisisha kuwa 3/20, na kupata 15/100, yaani asilimia 15.

MFANO WENYE MAMBO YA KWELI

Yafaa mifano itokane na mambo yaliyo kweli, na somo la Sayansi lina mifano tele. Hewa kavu tunayovuta, kwa kukadiria, ina asilimia 78 ya naitrojeni, asilimia 21 ya oksijeni, na asilimia 1 ya gesi nyingine zote pamoja. Kwa nyuzi tunapata 280.8, 75.6 na 3.6, na jumla ni 360 kamili. Lakini kipimapembe cha shule hakisomi sehemu ya kumi ya nyuzi. Mtoto atakadiria: 281, 76 na 4. Ajumlishe, atapata 361.

Mwalimu asiyejiandaa hapa hufadhaika, na tumepata kumwona mmoja akifuta mfano wote na kuleta mwingine wenye namba nzuri. Hakuna haja. Mwulize mtoto nyuzi moja iliyozidi imetoka wapi, naye ataona kwamba namba zote tatu zilikadiriwa kwenda juu. Kisha mwonyeshe busara ya mchoraji: tunapima vipande vidogo, nyuzi 76 na nyuzi 4, na kipande kikubwa hakipimwi kabisa; kinapokea nafasi iliyobaki. Nafasi hiyo ni nyuzi 280, tofauti isiyofika nyuzi moja na isiyoonekana kwa macho. Na kwa kuwa kipimapembe cha nusu duara kinaishia nyuzi 180, njia hiyo ndiyo rahisi vilevile kwa mkono. Zaidi ya hayo, mtoto ataona jinsi kipande cha asilimia 1 kilivyo chembamba, naye ataelewa kwa nini grafu ya duara haifai kwa takwimu zenye vipande vingi vidogo.

Mfano mwingine ni siku ya mtoto mwenyewe. Akilala saa 8 kati ya 24, amelala thuluthi ya siku. Thuluthi ni asilimia 33⅓, namba isiyopendeza, lakini kwa nyuzi ni 120 kamili. Mtoto akikadiria asilimia 33 kwanza, kisha azidishe kwa 3.6, atapata 118.8 na kupoteza zaidi ya nyuzi moja bila sababu. Afundishwe kwamba si lazima kupitia asilimia kila mara: 8/24 × 360 humfikisha moja kwa moja.

PINGAMIZI

Baadhi ya wakufunzi wenzetu wametuambia kwamba njia hii ni ndefu, kwamba madarasa yana wanafunzi wengi na vipimapembe ni vichache, na kwamba mtihani huuliza jibu, hauulizi mtoto alilipataje. Hoja hizi si za kupuuzwa. Ni kweli kwamba njia hii inahitaji kipindi kimoja au viwili zaidi, na mwalimu mwenye azimio la kazi lililobana atauhisi upungufu huo. Lakini hoja ya uchache wa vipimapembe inatuunga mkono sisi, kwa sababu hatua ya karatasi na ya saa hazihitaji kipimapembe. Ama kuhusu mtihani, mtihani huuliza kwenda na kurudi, tena huweza kuuliza idadi ya watu au ya shilingi kutokana na pembe. Mwenye kanuni moja aliyoikariri huweza kwenda tu.

Zaidi ya mtihani, wengi wa watoto tunaowafundisha watakutana na grafu za duara maishani: katika gazeti, katika taarifa ya chama cha ushirika, katika ubao wa matangazo unaoeleza fedha za shule zilivyotumika. Hawatazichora, watazisoma. Mzazi asiyeweza kutazama kipande na kusema "hii ni zaidi ya robo" hana njia ya kuuliza kwa nini robo nzima ya fedha imekwenda huko.

SEHEMU YETU SISI WAKUFUNZI

Lawama ya somo lile hatuwezi kumtwika mwanachuo. Alifundisha kama alivyofundishwa chuoni, nasi ndio tuliomfundisha. Fomu yetu ya ukaguzi ina nafasi ya kuandika juu ya ubao, sauti, zana na nidhamu ya darasa. Haina nafasi ya swali moja: mwanafunzi mmoja aliulizwa nini, naye alijibu nini? Tungependa nafasi hiyo iongezwe, na hata kabla haijaongezwa, twamwomba kila mkufunzi amsimamishe mtoto mmoja baada ya somo na kumwuliza.

Siku ile tulikaa na mwanachuo wetu chini ya mti, tukamweleza yaliyotokea na kumkiri kwamba alama tuliyompa tuliitoa haraka. Wiki iliyofuata alilirudia somo. Alileta saa ya boksi na karatasi za kukunja. Mvulana yule alipoonyeshwa tena kipande chenye pembemraba hakuchukua kipimapembe. Alisema, "Robo. Ishirini na tano." Kisha akauliza swali ambalo hakuna mwanafunzi aliyekuwa ameliuliza somo la kwanza: "Mwalimu, kwa nini basi kipimapembe hakiandikwi asilimia?"

Mwanachuo alitutazama, nasi hatukumsaidia. Alifikiri kidogo, akachukua duara la boksi, akaweka alama kila baada ya dakika tatu za saa, akapata mafungu 20 sawasawa, na kuyaandika 5, 10, 15 hadi 100. Darasa likawa na chombo chake cha kupimia asilimia. Waliweka chombo hicho juu ya kila duara walilokuwa wamechora wiki iliyotangulia, na kila aliyekuwa amekosea aliliona kosa lake mwenyewe, bila wino mwekundu.

Chombo hicho hakigharimu kitu. Twawashauri nyote mnaojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha mkitengeneze kabla ya kwenda, na kanuni mwiache chuoni hadi watoto waidai.